Mwewe Achagua Darubini

Kwa miaka ishirini na sita fundi saa alikuwa na kazi mbili. Siku za wiki alikaa kwenye kibanda chake cha vioo, lenzi imebanwa kwenye jicho la kulia, akichokonoa matumbo ya saa za watu. Jumamosi za msimu alikuwa Mwewe, mtazamaji wa kikundi cha wawindaji, na huko hakuna aliyethubutu kumwita fundi. Jina hilo alilipata siku alipotambua dume la swala ng'ambo ya bonde, wakati wenzake bado wanabishana kama kile ni kichaka au jiwe. Alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mkewe alikuwa akisema kwamba mume wake angeweza kuitwa kwa jina lake halisi mara tatu asigeuke, lakini mtu akisema Mwewe mtaa wa pili, shingo hiyo!

Kazi ya mtazamaji haikuwa ya mchezo. Kibali cha kikundi kiliruhusu madume tu. Zamani kila mtu alikuja na darubini yake na maoni yake, hadi Jumamosi moja ubishi ulipopamba moto na katikati ya ubishi mtu akapiga jike. Maofisa wa wanyamapori waliwafungia msimu mzima. Ndipo mwenyekiti wao, Mwalimu mstaafu ambaye asipoandika kitu haamini kwamba kimetokea, akafungua daftari na kuandika kanuni: darubini moja, mtazamaji mmoja, neno moja. Mtazamaji akisema "dume", mwenye zamu ya bunduki anapiga. Akisema "jike", bunduki zinashuka na hakuna hata kukohoa. Neno la Mwewe halikuwa na rufaa.

Sasa msimu huu darubini ilikuwa imechoka. Mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Imeingia ukungu, alisema, na kama fundi aliifungua mezani kwake, akazifuta lenzi zote kwa kitambaa laini, akaifunga tena, na ukungu ukabaki palepale. Mtu mwingine angejiuliza swali. Mwewe naye alijiuliza, mara moja tu, asubuhi moja akinyoa ndevu, kisha akalifukuza swali lile kama kuku aliyeingia sebuleni. Kuacha utazamaji maana yake ilikuwa kubaki fundi saa siku saba kwa wiki, katika mji ambao watu wanatazama saa kwenye simu. Aliliogopa hilo kuliko alivyoogopa kufa, na kufa alikuogopa sana.

Basi akaenda kununua darubini mpya, na mkewe akamfuata. Hakumwalika. Mkewe alisema anataka tu kunyoosha miguu, na akainyoosha hadi ndani ya duka.

Lilikuwa duka jembamba lililouza mizani, dira, tochi na kila kitu cha kupimia. Mwenye duka alikuwa binti wa umri wa kuolewa, mchangamfu, mwenye kalamu nyuma ya sikio.

"Karibu baba, karibu mama. Ya kutazamia nini? Mpira, ndege?"

"Nawinda," alisema Mwewe, kifua mbele.

"Anawinda kwa mdomo," alisema mkewe, akitafuta kigoda. "Wanaopiga ni wengine."

Binti alicheka, akaona uso wa Mwewe, akaacha kucheka. Akapanga darubini nne juu ya kaunta na kuanza somo lake. Hii ni nane kwa arobaini na mbili, baba. Nane ni mara ngapi inasogeza kitu karibu, arobaini na mbili ni upana wa kioo cha mbele, na kioo kikiwa kipana kinaingiza mwanga mwingi, ndiyo maana inafaa alfajiri. Hili gurudumu la katikati unazungusha mpaka picha itulie. Halafu hii pete hapa ni ya jicho la kulia peke yake, kwa sababu macho ya mtu hayafanani.

"Mwanangu," alisema Mwewe, "mimi nilikuwa natazama kwa darubini kabla hujaota meno. Nipe inayosogeza kuliko zote."

"Ya kumi na mbili ipo. Lakini mkono ukitetemeka kidogo na picha inatetemeka mara kumi na mbili."

"Mkono wangu unashika vigurudumu vya saa ya kike," alisema, "haujui kutetemeka."

Hapo alisema kweli. Mkono haukutetemeka. Akasimama mlangoni na ile darubini kubwa, akazungusha gurudumu mbele, akazungusha nyuma, akaigusa pete, akairudia. Mtaa ulikuja karibu mara kumi na mbili, na ukungu nao ukaja karibu mara kumi na mbili.

"Soma lile bango la ng'ambo, baba, tuone," alisema binti.

Mwewe hakusita. Bango lile alilipita kila siku akienda kibandani. "Duka la Dawa," alisoma, kwa sauti ya mtu anayesoma risala. "Saa ishirini na nne."

Binti alimtazama mama, mama akatazama kucha zake.

"Duka la dawa lilihama baba, mwezi uliopita. Siku hizi ni saluni."

Mwingine angekubali yaishe. Mwewe aliishusha darubini, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akaikunjia uso. "Mnauza vitu gani ninyi? Darubini inasoma mabango ya mwezi uliopita!"

Akaikataa. Akaikataa na ya nane kwa arobaini na mbili, kwamba ina giza. Ya kumi kwa hamsini akasema ina mwanga mno. Moja aliikataa kwa sababu ya harufu. Kaunta ilijaa, binti akaanza kuleta maboksi ya stoo, na kila boksi lilifunguliwa na kuonekana lina ukungu uleule, kana kwamba viwanda vyote duniani vilikuwa vimekula njama dhidi ya fundi saa mmoja. Mkewe aliyatazama haya yote bila neno, jambo ambalo lingemshtua mume mwenye akili zake, kwa kuwa mwanamke yule hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Bango halina maana," Mwewe alikata kauli hatimaye. "Rangi zake mbaya. Nahitaji kitu chenye uhai. Mama watoto, vuka barabara ukasimame pale kwenye ukuta, unionyeshe vidole."

"Vidole?"

"Idadi yoyote. Mimi nitasema vingapi."

"Baba watoto, watu watasema nimerukwa na akili."

"Waseme. Ni kazi hii."

Mkewe alishusha pumzi, akajitanda vizuri, akavuka. Alisimama ukutani, akanyoosha mkono na vidole viwili. Mwendesha pikipiki mmoja akasimama kwa breki akidhani ameitwa. Mama akamfukuza. Akaonyesha vidole vinne, na wa pili akasimama. Dukani Mwewe alikuwa amebadilisha darubini mara mbili, na sasa akaona kitu kirefu chenye rangi ya kitenge, na juu yake vitu vidogo vimetokeza.

"Vitatu!" alisema kwa ushindi.

Binti alichungulia juu ya bega lake. "Mama ameshika kiuno, baba. Anagombana na mtu wa pikipiki."

Alikuwa binti mwenye roho nzuri, na alikuwa pia mfanyabiashara. Hakutaka mzee aaibike wala hakutaka mzee aondoke mikono mitupu. Akainama chini ya kaunta, akatoa darubini ndogo ya kukunja, saizi ya pakiti ya sigara.

"Labda hizi kubwa zinakuchosha. Jaribu hii ya mfukoni. Wawindaji wanazipenda. Mwaka juzi alikuja mwalimu mmoja mstaafu, yule wa daftari daftari, akachukua tano kwa mpigo."

"Tano?" Mwewe aligeuka. "Wale wana darubini moja tu. Ndiyo kanuni yao."

"Kumbe unawajua!" Binti alicheka, akaegemea kaunta, na kwa kuwa duka lilikuwa tupu na habari yenyewe ilikuwa tamu, akaimwaga. "Basi nikuambie kichekesho. Wana mzee wao ndiye mtazamaji, na huyo mzee haoni tena. Haoni kabisa. Ila wanampenda, hawataki kumvunja moyo. Kwa hiyo yeye anasimama mbele na darubini kubwa, anatamka, na wao nyuma wanatoa hizi ndogo wanaangalia wenyewe. Akipatia, wanapiga. Akikosea, wanasema bunduki imekwama, au mlengaji amekosa. Mpaka leo mwenyewe hajui. Si wamestaarabika hao?"

"Sana," alisema Mwewe.

"Hata nyumbani kwake wanajua. Sijui walimwambiaje mkewe."

Mwewe aliomba kigoda. Akakaa. Miaka miwili ya Jumamosi ilipita mbele yake, na hiyo aliiona vizuri sana bila kifaa chochote. Risasi zilizopita juu. Bunduki zilizokwama, moja baada ya nyingine, mpaka akashauri kwamba kikundi kibadilishe fundi wa bunduki. Alikuwa amewahutubia kuhusu shabaha! Aliwaambia vijana wa siku hizi hawana utulivu, na wale vijana, mdogo wao ana miaka arobaini na tisa, waliinamisha vichwa wakasema ndiyo kaka, tutajitahidi. Kilichomuuma si kwamba haoni. Hilo, tuseme ukweli, lilikuwa limekwisha kumbishia hodi. Kilichomuuma ni kubembelezwa kama mtoto aliyeachiwa usukani wa gari lililozimwa, anageuza kushoto na kulia huku watu wazima wanatabasamu.

Mkewe aliingia akihema. "Haya, umeona vingapi?"

"Vyote," alisema.

Akaelekeza kidole kwenye kaunta bila kutazama. "Nipe hiyo yenye mkanda mzuri."

Binti alishangaa. Saa mbili za kukataa, halafu mkanda! Lakini aliifunga haraka kabla mzee hajabadili mawazo, na mkewe alimtazama mumewe kwa wasiwasi njia nzima, kwa sababu alikuwa akipiga mluzi.

Angeweza kwenda kwa Mwalimu jioni ileile na kusema, nimejua. Watu wazima ndivyo wanavyofanya. Lakini Mwewe hakutaka kuwaambia, alitaka kuambiwa. Alitaka mmoja wao, yeyote yule, asimame mbele yake amtazame usoni na kumwambia, Mwewe, huoni. Kama hawana ujasiri huo, basi atawalea hadi waupate. Na njia aliijua, maana waliiandika wenyewe kwenye daftari.

Jumamosi ya kwanza walilala kifudifudi ukingoni mwa bonde, watu sita. Mbele yao, hatua mia mbili, kulikuwa na kitu cha kahawia kinatembea. Mwewe aliinua darubini yake mpya, akazungusha gurudumu taratibu na kusafisha koo.

"Jike."

Nyuma yake alisikia nyasi zikichakacha na zipu ya mfuko ikifunguka. Halafu mtu akameza mate kwa sauti.

"Una hakika, kaka?" aliuliza Mwalimu, kwa upole wa kuuliza habari za mgonjwa.

"Darubini mpya hii, Mwalimu. Naona hadi kope."

Bunduki zikashuka. Jumamosi ya pili walikutana na wanyama watatu, na wote walikuwa majike. Dereva wa kikundi, mnene, mpenda nyama, alitoa mguno wa mtu aliyekanyagwa kidole. Mwewe akageuka na kumkumbusha kwamba kanuni inakataza hata kukohoa. Mtego ulikuwa mtamu ajabu. Wangembishia vipi? Mtu wa kusema "hilo ni dume" lazima kwanza aseme ameliona kwa kifaa gani. Walirudi mikono mitupu, na ndani ya gari kila mmoja alisifia hali ya hewa.

Nyumbani mkewe aliuliza mbona msimu huu nyama haiji. "Bonde limejaa wanawake," alijibu Mwewe, akaenda kulala na furaha yake mbaya. Maana ilikuwa furaha mbaya, na aliijua. Usingizi wenyewe haukuwa ukija.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya mwisho wa msimu. Zamu ya bunduki ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi bomba, mtu mkimya aliyeongea na koki zaidi kuliko na watu. Jua lilikuwa limepanda vizuri. Mnyama alitoka kwenye kichaka peke yake na kusimama ubavu, mahali peupe, kama aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho.

Mwewe aliinua darubini. "Jike."

"Shemeji!" Fundi bomba aliruka akapiga magoti. "Jike gani? Lina pembe ndefu kama mikono yangu! Wiki tatu sasa! Wiki tatu!"

Pembe zenyewe, zilipoisikia sauti ile, zilipotea pamoja na mwenye nazo. Hakuna aliyezitazama zikienda.

"Umeziona kwa kifaa gani?" aliuliza Mwewe, taratibu.

Fundi bomba alitazama mikono yake. Katika mkono wa kushoto alikuwa ameshika darubini ndogo ya kukunja. Akaiweka chini kwenye nyasi. Dereva akatoa yake mfukoni akaiweka kando ya ile. Mmoja baada ya mwingine waliziweka, mpaka zikawa tano, na Mwalimu ndiye alikuwa wa mwisho.

Mwewe alikuwa amejiandaa. Hotuba hii aliitunga kwa wiki tatu, akiipiga msasa kati ya saa moja na nyingine kibandani. Akaitoa yote. Aliwaambia wamemfanya kikaragosi. Aliwaambia wamempaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka miwili, wakamwacha avimbe kichwa mbele ya watu, hadi binti wa dukani anamcheka. Aliwaambia mtu mzima huambiwa. "Mdomo mnao, nyote mnao! Nani kati yenu angekufa kwa kusema maneno mawili? Mwewe, huoni. Yamekwisha! Kwa nini hamkuniambia?"

Walitazama zile darubini kwenye nyasi. Alidhani ni aibu, na ikampendeza.

"Nilitaka kukuambia siku ileile," alisema Mwalimu. "Nilishindwa."

"Siku ipi?"

Mwalimu alimtazama fundi bomba, na fundi bomba akatikisa kichwa, kwamba asiseme. Lakini Mwalimu alikuwa amechoka.

"Mwaka juzi, kule kwenye mteremko wa mto. Asubuhi kama hii. Ulisema dume. Ulisema lina pembe nzuri, hujapata kuona. Shemeji yako alishalenga, kidole kimeshaingia. Halafu likasimama wima."

Mwewe hakuelewa. "Likasimama wima vipi?"

"Alikuwa mama mmoja, kaka. Anafunga mzigo wa kuni. Alikuwa ameinama, na vijiti vimetokeza juu."

Asubuhi ile aliikumbuka. Aliikumbuka kwa sababu alikasirika. Mlio haukuja, akageuka, akamkuta shemeji yake ameiweka bunduki chini, na mtu akasema imekwama. Naye Mwewe akamsema pale pale, akamsema tena ndani ya gari, akaenda kumsema hata mezani mbele ya dada yake, kwamba mwanamume asiyejua kutunza bunduki akae nyumbani na makoki yake. Na shemeji aliinamisha kichwa, akasema samahani shemeji, sitarudia.

"Tulisema tukikuambia, hutalala tena maisha yako," alisema Mwalimu. "Tukaona afadhali tukose nyama. Ndipo nikaenda kununua hizi."

Hotuba yote ilimtoka Mwewe mwilini. Akakaa chini palepale kwenye nyasi, na mikono yake, ile isiyojua kutetemeka, ikaanza. Alijaribu kuuvua mkanda shingoni mara mbili bila kufaulu. Fundi bomba akaja akachuchumaa kando yake na kumsaidia kuutoa.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Alituona?"

"Nani?"

"Yule mama."

"Hakutuona," alisema fundi bomba. "Alijitwika kuni zake akaenda. Hata nyuma hakugeuka."